Dhamana ya Nauli: Mhadhara juu ya Amani ya Mwanamke Safarini



Mtu apakiaye gunia la mchele katika basi liendalo Tanga au Mombasa hupewa risiti, na gunia lile likichanika au likipotea njiani ana haki ya kumshika mwenye basi na kudai fidia yake, wala hapana hakimu wala abiria atakayemwuliza kwa nini alilipakia jioni, au kwa nini hakulifunga kamba ya pili, au kwa nini hakusafiri nalo mtu wa kulilinda. Desturi hiyo ni kongwe kuliko magari, kwani tangu zama za majahazi nahodha aliyepokea shehena aliipokea kwa dhamana, na dhamana ile ilimfuata mpaka bandari ya kushushia. Nimeanza na shehena kwa sababu neno nililokuja kulisema mbele yenu jioni hii ni moja: kwamba mwanamke aliyelipa nauli amekabidhi mwili wake na heshima yake kwa mwenye chombo, kwa dhamana isiyopungua ile ya gunia, na kwamba adha zinazowapata wanawake katika daladala na matatu zetu hazitakoma maadamu dhamana hiyo haijatundikwa shingoni mwa yule aliyepewa leseni ya kuchukua abiria.

Adha ninayoisema haianzi ndani ya gari wala haiishii humo. Huanza kituoni, pale wapigadebe wanapomzingira mwanamke aliyefika na kikapu chake, mmoja akimvuta mkono wa kulia kuelekea gari hili, mwingine akimvuta wa kushoto kuelekea gari lile, wa tatu akimpokonya mfuko kwa kisingizio cha kumbebea, na wote pamoja wakimwita kwa majina ambayo hakuna hata mmoja wao angestahimili kusikia mama yake akiitwa. Akijinasua hapo hukutana na mlango, na mlango wa kipanya, lile basi dogo, ni mwembamba, na kondakta amening'inia papo hapo, hata hapana njia ya kupita ila ubavuni pake. Na mkono unaodai kumsaidia kupanda hutua kiunoni, au chini ya kiuno, ukakawia huko kuliko inavyohitaji msaada wowote. Mwanamke akigeuka na kukunja uso huambiwa, mbele ya watu, kwamba ana maringo, kwamba kama hataki kuguswa akanunue gari lake. Na aghalabu walio ndani hucheka, kicheko kile kikawa ndicho ruhusa ya kesho.

Ndani ya gari huanza dhiki ya pili, nayo ni ya msongamano. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi Dar es Salaam mwezi Mei 2016, baina ya Kimara na Kivukoni, yalikusudiwa kuwatoa watu katika dhiki ya daladala, na katika mambo mengi yamewatoa. Walakini yanapofurika alfajiri yakielekea mjini na magharibi yakirudi, hata mtu akakosa nafasi ya kuinua mkono kujifuta jasho, mwanamume asiye na muruwa hupata katika ule msukumano sitara kamili ya uovu wake. Humganda mwanamke kwa nyuma, akajisugua, akapumua shingoni mwake, na akikemewa hujibu kwa utulivu kwamba amesukumwa. Jibu hilo ndilo kilele cha dhuluma yenyewe, kwa kuwa mwanamke hujua yakini alichofanyiwa, na mwanamume hujua yakini alichofanya, lakini umati uliowazunguka unampa mkosaji ushahidi wa uongo usioweza kuhojiwa. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wasemao kuwa idadi ya mabasi ni jambo la wahandisi na heshima ya wanawake ni jambo la wahubiri, kana kwamba mawili hayo hayakutani. Basi lililojaa kupita kiasi ni mahali palipotayarishwa kwa ajili ya kosa, na aliyepanga ratiba ya mabasi machache saa ya watu wengi ana sehemu yake katika yatokeayo humo.

Kisha kuna chenji. Mwanamke ametoa noti kubwa, na kondakta ameiweka mfukoni, akasema atarudisha mbele ya safari. Na mbele ya safari, gari limekwisha punguza watu, huanza kumwambia kwamba chenji yake atampa akimpa namba yake ya simu, au akikubali kushuka kituo cha mwisho. Wengine hawana haja hata ya kuomba namba, kwani nauli inayolipwa kwa simu katika laini ya kondakta mwenyewe huacha nyuma yake jina la mlipaji na namba yake, na usiku ule ule mwanamke akaanza kupokea salamu asizozitaka kutoka kwa mtu ambaye alidhani amemlipa na kuachana naye. Na baya zaidi kuliko hayo yote, kwa hesabu yangu, ni ule mchezo wa kukatisha ruti: gari lililotangaza kwenda mwisho wa njia, likachukua nauli ya mwisho wa njia, hugeuza saa tatu ya usiku katikati ya safari kwa sababu upande wa pili kuna abiria wengi zaidi, na wanawake waliomo wakaachwa kando ya barabara isiyo na taa, mbali na kwao, wakiwa na hiari ya kutembea gizani au kupanda pikipiki ya mtu wasiyemjua. Mamlaka hutoza faini kwa kosa hilo kama kosa la njia. Mimi nataka lihesabiwe kuwa kosa juu ya nafsi ya mtu.

Niruhusuni nikae kidogo juu ya mabinti wa shule, maana hao wana dhiki iliyo yao peke yao. Nauli ya mwanafunzi katika miji ya Tanzania ni pungufu sana kuliko ya mtu mzima, na hiyo ilikuwa ni rehema ya serikali kwa wazazi maskini. Lakini rehema hiyo hailipwi na serikali, hulipwa na kondakta kutoka katika pato lake la siku, naye kwa hivyo humwona mtoto mwenye sare kuwa ni kiti kilichopotea. Magari hupita asubuhi bila kusimama, au husimama mbali kidogo na kundi la wanafunzi ili watu wazima wawahi, au kondakta huzuia mlango kwa mkono na kusema wawili tu. Msichana wa miaka 14 anayechelewa shuleni kila siku na kuadhibiwa kila siku huanza kuthamini mno hisani ya yule kondakta mmoja anayemruhusu apande, akamwekea kiti karibu na mlango, akamsamehe nauli. Na hisani hiyo, kama ile ya mwenye bodaboda anayempa lifti kutoka njia panda, huja siku moja kudaiwa malipo. Tunajua mwisho wake, kwani tumeusoma katika daftari za shule zenye majina yaliyokatwa. Tanzania iliweka mwaka 2016 adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa ampaye mimba mwanafunzi, na adhabu hiyo nzito humngoja mkosaji mwisho wa njia. Lakini mwanzo wa njia, pale kituoni saa kumi na mbili ya asubuhi, hapana aliyewekwa kumsaidia mtoto apande gari kwa haki yake bila kuwa na deni la mtu.

Sasa, tukitaka kujua kwa nini mambo yamekuwa hivi, hatuna budi kutazama kazi yenyewe inavyoendeshwa. Lilipoanzishwa shirika la Usafiri Dar es Salaam mwaka 1974, lile tuliloliita UDA, dereva na kondakta walikuwa waajiriwa: walivaa sare, walikata tiketi, walikuwa na mshahara mwisho wa mwezi na mkubwa wa kuwakanya. Sidai kwamba zama zile zilikuwa peponi, kwani mabasi hayakutosha na watu walining'inia milangoni vile vile. Magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa mwaka 1983, kama yalivyokuwa yameruhusiwa Kenya kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1973, yaliziba pengo kubwa, na hapana mwenye insafu atakayekana kuwa bila daladala na matatu miji yetu isingeamka. Lakini pamoja na magari hayo iliingia kanuni mpya ya ujira, nayo ni hesabu. Tajiri humkabidhi dereva gari alfajiri, naye usiku hutaka kiasi kilichokatwa tangu mwanzo, iwe mvua iwe jua. Mafuta ni juu ya dereva, faini za askari ni juu ya dereva, na kinachosalia baada ya hayo ndicho riziki yake na ya kondakta wake. Aghalabu hapana mkataba ulioandikwa, hapana likizo, hapana bima. Kila kiti kitupu ni hasara itokayo mifukoni mwa hao wawili, na kila dakika ya kusimama kusikiliza malalamiko ya abiria ni dakika iliyoibwa katika hesabu.

Na kwa kuwa binadamu hawezi kufanya kazi saa 16 kila siku asichoke, dereva na kondakta hao huwaachia wenzao gari kwa safari moja mbili, wale ambao Dar es Salaam huitwa deiwaka na Nairobi huitwa skwodi, vijana wasio na sare, wasio na kitambulisho, wasiojulikana kwa tajiri wala kwa chama cha wenye magari, wakalipwa papo hapo na kushuka. Hapo ndipo dhamana inapopotea kabisa. Mwanamke aliyedhalilishwa na deiwaka hana wa kumshitaki: gari lina namba, lakini mwenye gari hamjui aliyekuwa mlangoni saa ile; dereva atasema kondakta wake halali alikuwa anakula; na kijana mwenyewe kwa wakati huo yu katika gari jingine la njia nyingine.

Wala sitaki mtu atoke hapa akidhani nimewatupia makondakta na madereva lawama yote. Miongoni mwao wamo waungwana wanaowatazama wasichana mpaka wameingia lango la kwao kabla ya kuondoa gari, nao hufanya hivyo bila kulipwa chochote. Wakosaji wengine ni abiria, tena wenye tai na mikoba ya ofisi. Na wanawake walioingia katika kazi hiyo wenyewe, makondakta wa kike na madereva wa kike ambao Nairobi na Dar es Salaam sasa wanaonekana, hukumbana na mkono ule ule na matusi yale yale, kutoka kwa abiria mchana na kwa wenzao wa kituoni usiku, huku wakidaiwa hesabu ile ile.

Nakuja kwenye hoja ya mavazi, na nitaijibu kwa urefu, kwa sababu ndiyo ngome ya mwisho ya kila mtetezi wa uovu huu. Husemwa kwamba wanawake wakijisitiri hawataguswa. Hoja hiyo tumekwisha ipima, tena mapema. Mwezi Oktoba 1968, nchini Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua, ianze tarehe 1 Januari 1969. Haikungojwa Januari. Siku chache baada ya tangazo, makundi ya vijana wa kiume yalikusanyika Kariakoo, Dar es Salaam, yakazingira mabasi, yakawashambulia wanawake ambao nguo zao hawakuziridhia, mpaka polisi wakaingilia kati. Tafakarini jambo hilo: amri iliyotolewa kwa jina la heshima ya taifa iligeuka, kabla wino wake haujakauka, kuwa leseni ya kuwashika wanawake hadharani, na mahali palipochaguliwa ni palepale kituoni, penye umati na mlango wa basi. Zaidi ya miaka 45 baadaye Uganda ilitia saini mwezi Februari 2014 Sheria dhidi ya Ponografia, ambayo watu mitaani waliifahamu kuwa ni sheria ya sketi fupi, na wanawake wakavuliwa nguo barabarani Kampala na wanaume waliojiona kuwa mahakimu. Vifungu vyake vikuu vilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwezi Agosti 2021. Mwaka ule ule wa 2014, Nairobi, mwanamke alivuliwa nguo kituo cha matatu mchana kweupe kwa madai ya kwamba amevaa visivyo, na tarehe 17 Novemba mamia ya wanawake, na wanaume pamoja nao, waliandamana mjini wakisema kuwa nguo ni zao na hiari ni yao. Wakatokea waliowajibu kwamba uchi haukubaliki, kana kwamba aliyekuwa amewaweka watu uchi ni mwingine asiyekuwa wale wanaume wa kituoni.

Sisi wa pwani tuna ushahidi wetu usiohitaji maandamano. Mwanamke wa Mombasa au wa Unguja aliyevaa buibui na kujifunika uso hushikwa vile vile katika msongamano, na mara nyingine hushikwa zaidi, kwa sababu mshikaji hutumaini kwamba mwenye haya hatapiga kelele. Kama kitambaa kingekuwa ndicho kinga, hao wangekuwa salama kuliko wote. Kinachotafutwa na mkono ule ni mtu asiyeweza kudai.

Wako pia wasemao kwa upole kwamba dawa ni mwanamke kupunguza safari. Hao hawajui historia ya mji wanaoupenda. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa Unguja, kabla sauti yake haijasafiri mpaka Bombay kunakiliwa katika santuri mwaka 1928, alikuwa akitoka shamba Fumba na vyungu alivyofinyanga mama yake kwenda kuviuza mjini Unguja, na lau njia ingefungwa kwake tusingekuwa na Siti. Wanawake wa nchi hizi hawakuanza kusafiri jana. Wanasafiri kwa sababu soko liko mjini, hospitali iko mjini, na ada ya watoto inatafutwa huko. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwezi Juni 2019, unahesabu safari ya kwenda kazini na kurudi kuwa sehemu ya mahali ambapo mfanyakazi anastahili kulindwa na ukatili na unyanyasaji, na mimi naona waandishi wake walikuwa wamepanda basi.

Tuzitazame sheria zetu wenyewe. Mwezi Septemba 2014, katika basi lililokuwa likienda Githurai, nje kidogo ya Nairobi, mwanamke alivuliwa nguo kwa nguvu na kudhalilishwa katika kituo cha petroli, na picha zake zikasambazwa. Kesi ilidumu mpaka Julai 2017, na mahakama ikawahukumu watu watatu, dereva, kondakta na mhudumu wa kituo kile, adhabu ya kifo. Wengi waliposikia waliona haki imetimia kupita kiasi. Lakini tazameni adhabu ile ya kifo iliangukia kosa gani: iliangukia wizi wa kutumia nguvu, kwa sababu mwanamke yule aliporwa mali yake pia. Kuvuliwa kwake nguo na kushikwa kwake mwili kulihesabiwa kwa miaka ya kifungo. Simwombei mtu yeyote kifo, na naona afadhali kamba hiyo isiwepo katika nchi zetu. Nataka mwone tu jinsi mizani ilivyokaa, kwamba kilichochukuliwa mkononi mwake kilipimwa kwa uzito mkubwa kuliko alichofanyiwa mwilini mwake. Ndilo lile gunia nililoanza nalo.

Bunge la Kenya lilijitahidi kuziba sehemu moja ya pengo hilo mwezi Desemba 2014, likaingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 251A, ambacho humpa amvuaye mtu nguo kwa nguvu kifungo kisichopungua miaka 10. Ni kifungu chema. Lakini baina ya kumvua mwanamke nguo na kumshika kiuno mlangoni pana masafa marefu, na ni katika masafa hayo ndimo wanawake wetu wanamoishi kila siku. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ambayo bila uhodari wa mbunge Njoki Ndung'u isingepita, ina kifungu cha 23 juu ya unyanyasaji, nacho kinamhusu mtu mwenye mamlaka au mwenye cheo cha umma ambaye anamwandama mwingine mara kwa mara. Kondakta hana cheo cha umma, na mara nyingi hakutani na mwanamke yule yule mara ya pili. Neno chafu alilolisema leo, na ile chenji aliyoizuia, hupita katikati ya nyuzi za kifungu hicho. Tanzania katika hili imeandika vizuri zaidi: kifungu cha 138D, kilichoingizwa katika Kanuni ya Adhabu na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinamgusa mtu yeyote aletaye karaha ya aina hiyo kwa maneno au kwa vitendo, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Kwa hiyo Dar es Salaam sheria ipo. Ni wangapi miongoni mwenu waliopata kusikia kondakta amefikishwa mbele ya hakimu kwa kifungu hicho?

Sababu ya ukimya huo haifichiki. Mwanamke aliyekuwa akienda kazini akataka kushitaki, hana budi kwanza kushuka, kwa maana gari halitamngoja. Kisha kutafuta kituo cha polisi, kisha kueleza mbele ya kaunta, watu wakisikiliza, mahali hasa aliposhikwa. Na kama aliumizwa apewe fomu ya polisi, PF3, aende nayo hospitali na kurudi nayo. Dawati la Jinsia na Watoto lililowekwa katika vituo vya polisi vya Tanzania limepunguza fedheha hiyo kwa kiasi kikubwa, na askari wanawake wanaolihudumia wanastahili shukrani yetu. Lakini hata huko ataulizwa jina la aliyemtenda, naye atajibu kwamba lilikuwa gari la Mbagala, na kijana alivaa fulana nyekundu. Amepoteza siku ya kazi, na pengine kazi yenyewe.

Alikuwa na mashahidi 16 ndani ya gari, na hakuna aliyeshuka naye. Jambo hili linaniuma kuliko yote niliyoyataja. Nchi zetu zinajisifu kwa ujirani, kwa watu kusimamisha shughuli zao kwa ajili ya maiti wa mtu wasiyemjua, na sifa hiyo ni ya kweli. Mimi mwenyewe nimeona mwizi wa simu akikamatwa katika daladala na abiria wote wakawa mahakimu kwa mara moja, hata ikawa kazi kumwokoa na kipigo. Watu hao hao, mwanamke akisema "kaka, toa mkono wako", hutazama dirishani. Wengine humwambia yeye anyamaze kwa kuwa anachelewesha safari. Hawakosi ujasiri, basi, kwani wameuonyesha kwa ajili ya simu. Wanakosa yakini kwamba kilichoibwa kina mwenyewe. Shirika la Flone Initiative la Nairobi, ambalo limekuwa likiwafunza makondakta na madereva jinsi ya kumhudumia mwanamke abiria na la kufanya abiria mmoja anapomsumbua mwingine, limeshika kamba ya kweli, kwani kondakta anayesema kwa sauti "bwana, shuka kwenye gari langu" huwafungua vinywa abiria wote kwa neno moja.

Nimeulizwa mara nyingi juu ya magari ya wanawake peke yao, kama mabehewa yaliyotengwa katika treni za mjini za Cairo, Tokyo na Mexico City. Sina ugomvi nayo saa za msongamano, na mwanamke aliyechoka apate mahali pa kupumua. Lakini mabehewa hayo yana hatari yake, nayo ni kwamba mwanamke anayeshikwa katika behewa la wote ataulizwa kwa nini hakupanda lake. Isitoshe, nani ataleta kipanya cha wanawake peke yao katika njia ya Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, saa nne ya usiku?

Basi nirudi katika leseni, maana huko ndiko nilikokuwa nikielekea tangu mwanzo. Wako wanaosema kwamba sekta hii imeharibika mno haiwezi kutiwa adabu. Mimi nawakumbusha tarehe 1 Februari 2004. Siku hiyo zilianza kazi nchini Kenya kanuni za Waziri John Michuki: mikanda ya usalama kwa kila abiria, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni mwa gari, abiria 14 na asiwepo wa kusimama, sare ya buluu kwa dereva na ya damu ya mzee kwa kondakta, na cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi. Wenye magari waligoma, watu wakatembea kwa miguu masafa marefu, magazeti yakatabiri maangamizi. Na baada ya muda matatu zikarudi barabarani, zimepakwa mstari, zimefungwa mikanda. Kwamba baadaye ulegevu ulirudi ni kweli, na ulirudi kwa sababu usimamizi ulilegea. Lakini jambo lilikwisha dhihirika: tajiri akiambiwa kwamba gari lake halitatoka bila kitu fulani, kitu hicho hupatikana. Michuki alikusudia kuzuia vifo vya barabarani, na katika kufanya hivyo, pasipo kuandika neno moja juu ya wanawake, aliwapa kwa muda kiti kisichobanwa na kondakta mwenye jina.

Leo Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama iliyoundwa kwa sheria ya 2012, na tangu 2014 magari ya abiria yanatakiwa kuwa chini ya chama au kampuni. Tanzania ina LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, tangu 2019. Vyombo vya kazi vipo. Ninachotaka viulize, leseni inapoletwa kuhuishwa, ni mambo machache yasiyo na ugumu: orodha ya watu waliofanya kazi katika gari hilo, kwa majina na kwa siku, deiwaka wakiwemo, ili mwanamke akitaja namba ya gari na saa, jina la mtu lipatikane, mkataba wa mshahara kwa dereva na kondakta, hata kama ni mdogo, ili kusimama dakika tano kwa ajili ya abiria aliyedhulumiwa kusiwe ni kujinyima chakula cha watoto, namba ya gari na namba ya kulalamikia iliyoandikwa ndani, mbele ya kila kiti, kwa herufi zinazosomeka, nauli ya simu ilipwe katika namba ya chama isiyofichua namba ya mlipaji kwa kondakta, na fidia ya mwanamke aliyedhalilishwa itoke kwanza kwa mwenye leseni, naye amdai mwajiriwa wake baadaye. Na juu ya nauli ya mwanafunzi, serikali iliyoipunguza ndiyo ilipe tofauti.

Najua jibu la tajiri, kwa maana nimelisikia katika mikutano ya wenye magari: atasema yeye alikuwa amelala nyumbani kwake, hakumtuma kijana kumshika mtu, na hawezi kuadhibiwa kwa mkono usio wake. Namjibu kwa taadhima yote kwamba yeye huyo, akiwa amelala nyumbani, anajua gari lake limeingiza shilingi ngapi leo, anajua tairi ya nyuma imebadilishwa lini, na dereva akipungukiwa hesabu kwa elfu mbili humwamsha usiku kumwuliza. Kusimamia gari kwa mbali anakuweza. Amekuonyesha kila usiku kwa miaka mingi. Aongeze swali moja katika yale anayomwuliza dereva wakati wa kupokea funguo: nani alikuwa mlangoni leo, na kuna mama yeyote aliyelalamika? Dereva akiisha jua kwamba ataulizwa hilo kila usiku, na kwamba jawabu la uongo litamgharimu tajiri leseni na yeye kazi, hatamwachia gari mtu asiyemjua jina.